Bonde Lililozaa Dala

Baba yangu alikuwa konda. Kabla sijajua kusoma nilijua kuhesabu sarafu, kwa sababu kila usiku aliporudi nyumbani Manzese alimwaga hela za siku juu ya mkeka, na kazi yangu ilikuwa kuzipanga mafungu. Zile za shilingi tano, zenye pembepembe na sura ya Mwalimu, hakuwahi kuziita shilingi tano. "Nipangie dala zangu, mama," ndivyo alivyokuwa akiniambia.

Wazee wa Dar es Salaam wanaijua habari hii. Mabasi ya shirika la jiji yalipozidiwa na abiria, watu binafsi walianza kubeba watu kwa magari yao, kwanza kwa kujificha, halafu kwa ruhusa ya serikali kuanzia 1983. Nauli ilikuwa dala moja, yaani shilingi tano, na makonda wakawa wananadi "Dala! Dala!" hadi magari yenyewe yakaitwa daladala. Nilikua nikiamini kwamba neno hilo ni letu, limezaliwa Kariakoo kwenye vumbi, na undugu wake wa mbali ni dola ya Marekani. Kwamba dola yenyewe nayo ina kwao, sikuwahi kulifikiria.

Leo naishi Leipzig, Ujerumani, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Usiku mmoja nilikuwa namkata kucha bibi mmoja ambaye hachoki kuuliza habari za kwetu. Aliniuliza hela yetu inaitwaje. Nikamwambia shilingi, kisha nikamsimulia habari ya dala na kazi ya baba. Alinishika kifundo cha mkono, mkasi ungali mkononi mwangu, asiniachie.

"Hilo neno ni mji wetu," alisema. "Mimi nimezaliwa huko."

Kwa Kijerumani Tal ni bonde. Zamani waliandika Thal. Mji aliozaliwa uliitwa Sankt Joachimsthal, Bonde la Mtakatifu Yoakimu. Sarafu ya fedha iliyopigwa huko ikaitwa Joachimsthaler, yaani ile ya Bonde la Yoakimu, na kwa kuwa ulimi haupendi kazi nyingi, watu walikata sehemu ya mbele wakabaki na thaler. Waholanzi wakasema daler, Waingereza wakapokea dollar, Wamarekani wakalifanya jina la hela ya taifa lao, na kwetu likaingia kama dola na dala. Hata Samoa, katikati ya bahari ya Pasifiki, hela yao ni tala. Kwa hiyo konda anayening'inia mlangoni pale Mwenge, akiita dala, dala, kwa asili ya neno anaita bonde, bonde.

Leo mji huo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Jáchymov. Nilipopata likizo mwezi wa kumi, nikaenda.

Kutoka Karlovy Vary, mji wa chemchemi za maji moto, basi linakwenda kaskazini kilomita kama 20. Mpaka Ostrov hakuna mpando wa kukusumbua. Halafu mbele yako milima inasimama kama ukuta. Ni Krušné hory, safu inayogawa Cheki na Ujerumani, na ina tabia yake: upande wa Ujerumani inapanda polepole hadi hujui ulianza kupanda saa ngapi, lakini upande wa Cheki imekatika ghafla, kwa sababu ardhi ilipasuka pale, kipande kimoja kikainuka kwa kuegemea kaskazini na kingine kikazama. Zamani sana kabla ya hapo, maji ya moto kutoka chini yalikuwa yamepita kwenye nyufa za miamba na kuacha humo fedha, kobalti, bismathi na urani. Kila kitu kilichoupata mji huu, cha heri na cha shari, kilitoka kwenye nyufa hizo.

Basi linaingia kwenye korongo, na mji wote umo ndani ya korongo hilo. Hauna upana. Ni barabara moja ndefu inayopanda, nyumba zimejipanga huku na huku, na nyuma ya nyumba msitu wa misonobari umesimama wima. Chini kuna hoteli na nyumba za tiba. Juu, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, kuna uwanja wa kale wenye jumba la manispaa na kanisa la Mtakatifu Yoakimu. Ukizidi kupanda unafika Klínovec, kilele kinachozidi vyote katika safu hiyo kwa mita zake 1,244, na jirani yake Boží Dar, yaani Zawadi ya Mungu, mji ulio juu kuliko miji yote ya Cheki.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa. Nilitembea uwanjani nikaona milango ya mawe iliyochongwa kwa ustadi wa kukusimamisha, na juu ya milango hiyo madirisha hayana pazia wala taa. Wakazi wa leo hawafiki 3,000. Mwaka 1534 walikuwa kama 18,000, na katika Bohemia nzima, ufalme wa zamani ambao leo ni sehemu ya Cheki, ni Praha tu iliyokuwa na watu wengi zaidi.

Miaka 18 tu kabla ya hapo palikuwa na kijiji kilichohamwa, kiitwacho Konradsgrün. Mwaka 1516 Štěpán Šlik, au Stefan Schlick kwa Kijerumani, bwana wa eneo hilo, alianzisha mji baada ya mshipa wa fedha kuonekana. Watu walimiminika kutoka Saksonia, nchi ya Wajerumani ng'ambo ya mlima, wengi wao wachimbaji wazoefu waliozungumza Kijerumani. Waliosikia habari za Mirerani wakati wa Tanzanaiti, au za Geita, hawahitaji kuchorewa picha: mahema, pombe, ugomvi wa mipaka ya mashimo, na kila mtu ana ndugu yake aliyetajirika juzi. Jina la Yoakimu nalo lina sababu. Upande wa pili wa mlima, Wasaksoni walikuwa na mji wao wa fedha wenye jina la Mtakatifu Anna, Annaberg. Mama wa Bikira Maria alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Bonde hili likapewa jina la baba yake.

Schlick alikuwa na fedha nyingi kuliko alivyoweza kuiuza kama mawe. Januari 1520 bunge la Bohemia likamwidhinishia haki ya kupiga sarafu. Nataka nimtendee haki kila mtu hapa: sarafu nzito ya fedha haikubuniwa Jáchymov. Watu wa Tirol, kwenye milima ya Alpi, walitangulia mwaka 1486. Kilicholipa bonde hili ushindi ni wingi. Sarafu zake zilimwagika Ulaya hadi watu wakaanza kuita kila sarafu ya namna hiyo kwa jina lake, hata ile iliyopigwa kwingine, jinsi sisi tunavyoita kila dawa ya meno kolgeti.

Jengo la kupigia sarafu lililojengwa kati ya 1534 na 1536 bado lipo, sasa ni makumbusho. Nilisimama mbele ya kioo kimoja mpaka mlinzi akaja kuangalia kama nina shida. Ndani yake kulikuwa na thaler, pana kama kitako cha kikombe cha kahawa. Uzito wake ni kama gramu 29. Upande mmoja Yoakimu amesimama na fimbo yake, mzee wa ndevu, vazi limemwangukia miguuni kwa mikunjo, na chini yake ngao ya akina Schlick. Upande wa pili simba wa Bohemia, mwenye mikia miwili, amezungukwa na jina la mfalme Ludwig. Pembeni sarafu haikuwa duara kamili. Nyundo ilikuwa imeusukuma ukingo upande mmoja ukawa mwembamba. Nilijiuliza mikono mingapi ilishika kitu hiki kabla hakijafikishwa nyuma ya kioo, na mingapi kati ya hiyo ilikuwa ya watu waliokichimba.

Kwa sababu wachimbaji hawakuridhika. Mwaka 1525 waliasi, wakavamia ngome ya Schlick iliyoko juu ya mji. Mgodi mkubwa uliokuwa umeanzishwa 1518 ukapewa jina jipya baada ya mapatano: Svornost, maana yake umoja, kupatana. Upo hadi leo, na bado watu wanashuka. Schlick mwenyewe alikwenda vitani pamoja na mfalme wake mwaka 1526, pale Mohács huko Hungaria, walikopigana na Waturuki wa Dola ya Osmani. Wote wawili hawakurudi. Mwaka 1528 mfalme mpya, Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, akaichukua haki ya kupiga sarafu.

Ni kupitia ukoo huo ndipo bonde lilipotufikia sisi kwa mara ya kwanza, zamani kabla ya makonda. Malkia Maria Theresia alitawala Austria na Bohemia katika karne ya 18, na thaler yenye sura yake, iliyoandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki, ikapendwa mno katika Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na pwani yetu. Waliendelea kuipiga miaka mingi baada ya kifo chake, tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara hawakutaka nyingine. Unguja iliitwa riale. Kwa hizo vilinunuliwa karafuu na pembe za ndovu, na watu pia waliuzwa na kununuliwa kwa hizo. Hilo lazima lisemwe. Sultani Barghash alipopiga riale zake mwenyewe mwaka 1882, alikuwa anafuata ukubwa na uzito ambao watu walikuwa wameshauzoea mkononi. Hivyo fedha ya bonde ilitangulia kufika, gramu kwa gramu, na jina lake likaja baadaye kwa njia nyingine, kupitia Kiingereza, likapanda basi.

Enzi ya fedha huko Jáchymov haikudumu. Mashimo yalizidi kina, maji yakajaa, na fedha ya Amerika ikaanza kuingia Ulaya kwa meli. Lakini katika miaka michache hiyo aliishi pale daktari mmoja, Georg Bauer, anayejulikana zaidi kwa jina la Kilatini Georgius Agricola. Alifika 1527 kutibu wachimbaji, akawa anashuka nao migodini na kuuliza maswali. Kitabu chake kikubwa juu ya uchimbaji, De re metallica, kilichapishwa Basel mwaka 1556, baada ya yeye kufariki, na kwa karne mbili hakikupata mpinzani. Magurudumu ya maji, pampu, vinu vya kusagia mbale, yaani mawe yenye madini, kila kitu kimechorwa. Mimi ninayefanya kazi ya uuguzi nilivutwa na sehemu nyingine. Agricola aliandika kwamba vumbi la migodi linakula mapafu, na kwamba katika milima ya Karpati walikuwepo wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakichukuliwa na ugonjwa huo kabla ya wakati. Ilichukua zaidi ya miaka 300 kabla wataalamu hawajatambua kwamba kilichokuwa kikiwaua wachimbaji wa Krušné hory, kwa sehemu kubwa, ni saratani ya mapafu.

Wachimbaji wenyewe walikuwa wamemwona adui bila kumjua. Mara nyingi mshipa wa fedha ulipokwisha, walikutana na jiwe jeusi, zito, linalong'aa kama lami. Waliliita Pechblende. Pech ni lami, na katika mazungumzo ni bahati mbaya pia. Jiwe la mkosi: ukilipata, fedha imekwisha. Walilitupa. Katika karne ya 19 likaanza kupata kazi, kwa kuwa urani iliyomo ndani yake iliipa vioo na vyombo vya udongo rangi nzuri za manjano na kijani, na serikali ikaweka kiwanda mjini hapo. Walichukua rangi, na mabaki wakayamwaga msituni.

Wachimbaji wadogo wa kwetu wana neno zuri la mabaki ya namna hiyo: marudio. Udongo ambao umeshasafishwa mara moja, lakini mwenye akili anajua una kitu bado. Mwenye akili huyo alikuwa mwanasayansi Marie Curie. Huko Paris, mwaka 1898, yeye na mumewe Pierre waligundua kwamba jiwe hilo linatoa mnururisho, yaani mionzi isiyoonekana, mkubwa kuliko urani peke yake inavyoweza kueleza. Ndani yake wakagundua elementi mbili mpya, poloni na radiamu. Ili kuipata radiamu yenyewe walihitaji mawe kwa tani, na hela hawakuwa nayo, wakaomba yale marudio ya Jáchymov, na serikali ya Austria ikawapa. Magunia yalipofunguliwa Paris, ndani kulikuwa na vumbi la kahawia lililochanganyika na majani ya misonobari. Niliokota majani kama hayo chini ya mti kando ya njia ya mgodini. Yako ndani ya daftari langu la safari hadi leo. Ni membamba kuliko sindano ya kushonea. Curie alichemsha na kukoroga tani hizo kwa mikono yake ndani ya banda linalovuja, na mwaka 1902 alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu. Alikuja Jáchymov mwenyewe mwaka 1925.

Wakati huo biashara ya radiamu ilikuwa imehamia kwingine, na hapa tena njia inaingia kwenye nchi ya Kiswahili. Shinkolobwe, Katanga, kusini mwa Kongo, kulipatikana mbale ya urani tajiri kuliko yoyote iliyojulikana, na kuanzia 1922 Wabelgiji wakawa wanauza radiamu kwa bei ambayo Jáchymov haikuweza kushindana nayo. Shinkolobwe ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Vijiji vya Katanga havikuulizwa, kama walivyokuwa hawakuulizwa watu wa bonde hili fedha yao ilipopelekwa hazina ya mfalme. Hili ndilo lililonikaa moyoni nilipokuwa nikipanda na kushuka barabara ile moja: bonde limeupa ulimwengu jina la hela, limeupa radiamu, na barabarani kwake taa ni za kuhesabu.

Kilichobaki ni maji. Katika mgodi wa Svornost, kina cha mita kama 500, kuna chemchemi za maji ya uvuguvugu yenye radoni, gesi inayotokana na radiamu. Tangu 1906 watu wanakuja kuoga humo kutibu viungo. Hoteli ya Radium Palace, iliyofunguliwa 1912, imesimama juu ya korongo kama meli nyeupe. Niliwaona wazee wakitembea kwa magongo katika bustani yake, wamevaa makoti, wakiongea kwa sauti ya chini. Mgonjwa analala kwenye maji kama dakika 20 na anaambiwa atulie, kwa maana akitibua maji gesi inapotea. Gesi ileile iliyowaua wachimbaji ndani ya mashimo yasiyo na hewa, hapa inatolewa kwa kipimo cha daktari.

Nimechelewa kufika kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa ninayoiandikia.

Mwaka 1938 Hitler aliitwaa mipaka ya Chekoslovakia, Jáchymov ikiwemo. Vita ilipokwisha, Wajerumani wa eneo hilo, ambao babu zao walikuwa pale kwa miaka 400, walifukuzwa. Bibi yangu wa Leipzig aliondoka 1946 akiwa mtoto wa miaka saba, kila mtu na mzigo uliopimwa kwa mizani, kilo 50 basi. Ndiyo maana madirisha yale hayana pazia. Na tayari Novemba 1945 serikali ya Chekoslovakia ilikuwa imetia saini mkataba wa siri wa kuwapa Wasovieti urani. Jiwe la mkosi likawa na thamani kuliko fedha.

Wa kulichimba walikuwa kwanza mateka Wajerumani, halafu, baada ya Wakomunisti kushika dola 1948, wafungwa wa kisiasa. Mapadri, wakulima waliokataa kutoa mashamba yao, wanafunzi, askari waliopigania nchi wakiwa Uingereza. Walikuwemo hata wachezaji wa timu ya taifa ya hoki ya barafu, mabingwa wa dunia, waliokamatwa 1950; kipa wao, Bohumil Modrý, aliachiwa baada ya miaka mitano na akafariki 1963. Kambi zao zilikuwa kwenye migodi, na migodi ilikuwa na majina haya: Svornost, Rovnost, Bratrství. Umoja, Usawa, Undugu. Mtu aliyelelewa Tanzania akisoma majina hayo kwenye ubao kando ya njia, anasimama.

Karibu na Ostrov kuna jengo la matofali mekundu ambalo wafungwa waliliita Mnara wa Kifo. Humo mbale ilisagwa na kupakiwa kwenye mapipa ya kupelekwa Muungano wa Kisovieti kwa treni, na waliofanya kazi hiyo walipumua vumbi lake. Tangu 2019 jengo hilo, pamoja na migodi ya Jáchymov, ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO. Jioni nilisimama mbele yake peke yangu. Matofali yana unyevu, madirisha ni madogo, na nyasi zimekatwa vizuri.

Kisha nikaenda kituoni kungoja basi la kurudi, nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, hali ya hewa, mjomba anaendeleaje. Nikamsimulia habari ya dala: bonde, sarafu, Yoakimu na fimbo yake. Alifurahi sana, akataka nirudie jina la mji mara tatu. Nikamwambia kuna jambo jingine. Wafungwa walipotolewa kambini kwenda mgodini walipangwa watano watano, wamebanana, kundi zima likazungushiwa waya wa chuma na kufungwa, wakatembea hivyo juu ya barafu, mmoja akiteleza anawavuta wote. Wao wenyewe walikipa kitu hicho jina. Walikiita basi la Jáchymov.

Baba alinyamaza. Nilisikia honi za barabarani nyuma yake, na mtu akiita abiria wa Ubungo.

"Wakifunga waya," aliuliza, "mlangoni anasimama nani?"

Nikamwambia halina mlango, baba.

"Basi gani halina mlango," alisema, polepole, kama anayejisemea. Taa za basi langu zilitokea kwenye ukungu, nikamwomba asikate simu mpaka nipande.